Mkate wa Msamaha: Haki na Maondoleo katika Riwaya ya Manzoni

Wanafunzi wa vyuo vyetu vya theolojia wana desturi ya kupokezana vitabu vyenye majalada laini, vilivyoandikwa Marekani, ambavyo havimo katika orodha ya masomo yoyote. Ni riwaya za mapenzi na mashaka za Kikristo. Msichana mcha Mungu anawindwa na mtu mwovu. Kijana hodari, mara nyingi mpelelezi au askari, anapewa kazi ya kumlinda. Kadiri hatari inavyozidi ndivyo mapenzi yanavyokua. Na kabla ya ukurasa wa mwisho mmoja wao, aliyekuwa amemkasirikia Mungu, anapiga magoti. Mfano unaojulikana sana ni mfululizo wa Dee Henderson juu ya ndugu wa O'Malley, ulioanza na The Negotiator mwaka 2000. Sipendi kuvidharau vitabu hivi. Vinauliza swali ambalo wahubiri wengi hulikwepa: Je, Mungu aweza kumsamehe mtu aliyeniangamizia jamaa yangu, na ikiwa aweza, mimi niifanyeje hasira yangu?

Udhaifu wake uko katika namna ya kulijibu. Katika nyingi ya riwaya za aina hii mwovu hufa kabla hadithi haijaisha, kwa risasi, kwa moto au kwa kuporomoka, na mikono ya shujaa hubaki safi. Msamaha hutamkwa juu ya maiti, au juu ya mtu ambaye hawezi tena kumdhuru yeyote. Hivyo msomaji hufarijiwa mara mbili: haki imetendeka pasipo hakimu, na msamaha umetolewa pasipo gharama. Kisha arusi. Nimesikia mahubiri yaliyojengwa kwa mtindo huo huo, na mengine niliyahubiri mwenyewe. Ndiyo maana naona jambo hili lastahili kurasa chache za jarida letu.

Napenda kuwarudisha wasomaji kwa babu wa riwaya hizi zote. Nasema juu ya I promessi sposi, yaani Wachumba, ya Mwitaliano Alessandro Manzoni (1785–1873). Ilichapwa kwanza mwaka 1827. Kisha mwandishi akaiandika upya kwa lugha ya Firenze na kuitoa tena kati ya 1840 na 1842. Ni riwaya ya mapenzi, ni ya mashaka, na ni ya Kikristo kwa kusudi kabisa. Imejaa watawa, nadhiri na rozari, lakini Mlutheri asiogope kuingia. Mke wa Manzoni, Enrichetta Blondel, alilelewa katika Ukalvini, na kupokewa kwake katika Kanisa Katoliki mwaka 1810 kuliandamana na kurudi kwa mumewe katika imani. Kwa upande wa mama, Manzoni alikuwa mjukuu wa Cesare Beccaria, yule aliyeandika mwaka 1764 kitabu kilichopinga mateso ya mahakamani na adhabu ya kifo. Mtu aliyekulia kati ya toba na sheria namna hii hakuweza kuandika juu ya msamaha kana kwamba mahakama hazipo.

Kisa kinaanza jioni ya tarehe 7 Novemba 1628, karibu na ziwa la Como, katika Lombardia iliyotawaliwa na Wahispania. Padre mmoja mwoga, Don Abbondio, anakutana njiani na wahuni wawili wenye silaha, watumishi wa kabaila Don Rodrigo. Wanamwonya asithubutu kufungisha ndoa ya Renzo, mfumaji wa hariri, na Lucia, msichana wa kijiji kile. Kabaila huyo amemtamani Lucia, na amewekeana dau na binamu yake kwamba atampata. Kutoka hapo msomaji huburutwa katika sura thelathini na nane: jaribio la kufunga ndoa kwa hila usiku, kukimbia kwa mashua, ghasia za mkate mjini Milano, utekaji nyara, njaa, majeshi, na mwisho tauni ya mwaka 1630.

Yafaa tutulie kwanza katika sura ya tatu, kwa kuwa ndiyo sura ya haki. Renzo anakwenda Lecco kwa wakili ambaye wanakijiji wamempachika jina la Azzecca-garbugli, yaani fundi wa kutatanisha mambo. Mkononi ananing'iniza kuku wanne wa kunona waliokuwa wamewekwa kwa karamu ya arusi, na njiani kuku hao, vichwa chini, wanadonoana wao kwa wao, kama wafanyavyo mara nyingi watu walioshirikiana taabu. Wakili anampokea kwa ukarimu. Anatoa karatasi za amri za serikali, anamsomea ile ya tarehe 15 Oktoba 1627 yenye adhabu kali kwa yeyote amtishaye padre asifungishe ndoa. Renzo anafurahi: kumbe sheria ipo! Lakini wakili anadhani kwamba Renzo ndiye mtishaji, na anamfariji kwamba mambo ya namna hiyo yana njia zake. Anapotambua kwamba mbele yake ameketi aliyekosewa, na kwamba mkosaji ni Don Rodrigo, anamfukuza, na kuku anamrudishia.

Sijui kama kuna mzaha mchungu kuliko huo katika fasihi ya Kikristo. Sheria imeandikwa, imetiwa sahihi, imechapwa; sura ya kwanza inatutajia amri dhidi ya wahuni hao tangu ile ya tarehe 8 Aprili 1583, moja juu ya nyingine, na kila mpya ni ushahidi kwamba ya zamani haikutiiwa. Lakini sheria hiyo inamwelewa mkosaji, inajua kuzungumza naye. Aliyekosewa haina neno la kumwambia. Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia, alifundisha kwamba Mkristo asijilipie kisasi, lakini alifundisha pia kwamba upanga umewekwa ili jirani alindwe. Mafundisho hayo mawili hushikana. Ukiondoa la pili, la kwanza huwa ni kumfunga mikono mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Manzoni, bila kumtaja Luther, ameonyesha nchi ambamo la pili limeondolewa.

Katika nchi hiyo anaingia Ndugu Cristoforo, mtawa Mkapuchini. Zamani aliitwa Lodovico, mwana wa mfanyabiashara tajiri. Siku moja alikutana barabarani na kabaila mwenye kiburi, na wote wawili wakakataa kupishana kando ya ukuta. Kwa ugomvi wa upuuzi namna hiyo mtumishi wa Lodovico, jina lake Cristoforo, aliuawa, na Lodovico akamwua kabaila. Alikimbilia kwa watawa, akavaa kanzu, akajitwalia jina la mtumishi wake. Kisha akaomba ruhusa aende kwa ndugu wa marehemu. Yule ndugu alikusanya ukoo mzima ili fahari yake ionekane. Alitazamia mtu aliyelazimishwa, akaona mtu aliyevunjika. Akamwinua, akamsamehe, akataka kumkalisha karamuni. Mtawa alikataa karamu, akaomba mkate mmoja tu, uwe alama ya msamaha aliopewa. Kipande cha mkate huo alikihifadhi miaka mingi katika kisanduku.

Angalieni mambo matatu aliyoyafanya: alikwenda mwenyewe, alikwenda kwa waliokosewa na si kwa Mungu peke yake sirini, na baada ya kusamehewa hakujiona amemaliza. Maisha yake yote yaliyobaki ni ya mtu anayesimama upande wa wanyonge mbele ya wakubwa kama yeye alivyokuwa. Tukiisoma hoja ya kwanza kati ya zile tisini na tano za mwaka 1517, isemayo kuwa maisha yote ya mwamini yawe ya toba, twaweza kumweka Mkapuchini huyu karibu nayo pasipo kumwonea haya.

Juu ya Mtu Asiyetajwa Jina, jambazi mkuu anayemteka Lucia kwa ombi la Don Rodrigo, nitasema kidogo tu, kwa sababu kila mhakiki amesimama hapo. Usiku mmoja kilio cha mateka kinamkosesha usingizi, na asubuhi anakwenda kulia kifuani mwa Kardinali Federigo Borromeo, ambaye ni mtu wa historia, Askofu Mkuu wa Milano toka 1595 hadi 1631. Sura hizo ni nzuri. Kinachonivutia zaidi ni yanayotokea usiku huo huo katika chumba cha Lucia. Kwa hofu kuu msichana anamwekea Bikira Maria nadhiri: akiokolewa hataolewa kamwe. Mlutheri atakumbuka papo hapo kijana mwingine, katika dhoruba karibu na Stotternheim, tarehe 2 Julai 1505, aliyemwita Mtakatifu Anna na kuahidi kuwa mtawa. Nadhiri zote mbili zilizaliwa na woga, na zote mbili zilikuwa jaribio la kununua kilichokuwa kinatolewa bure. Luther alihitaji miaka kumi na sita na kitabu kizima, kile cha 1521 juu ya nadhiri za watawa, ili kujifungua. Lucia anafunguliwa na Cristoforo katika sura ya thelathini na sita, na hoja ya mtawa inafaa kufundishwa hata kwetu: hakuwa na haki ya kumtolea Mungu kitu ambacho alikwisha kumwahidi mtu mwingine. Kumbe sadaka inayomdhulumu jirani si sadaka. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha ishirini na saba, lingekwenda mbali zaidi, lakini lisingekataa hilo.

Sasa tufike kwenye hospitali ya tauni nje ya lango la Milano, mahali ambapo, kwa hesabu ya mwandishi, wamelala wagonjwa elfu kumi na sita. Renzo amekwisha kuugua na kupona. Anamtafuta Lucia kati ya vibanda. Anakutana na Cristoforo, ambaye naye anakufa polepole huku akiwahudumia wengine. Renzo anasema kwamba asipomwona Lucia hai atamtafuta Don Rodrigo na kutenda haki kwa mkono wake. Mzee huyo mpole anawaka hasira. Anamkumbusha kwamba yeye, Cristoforo, aliwahi kumchukia mtu na kumwua, na kwamba kama kungekuwapo udhuru angekuwa ameuona katika miaka thelathini. Ndipo anamshika mkono na kumpeleka kibandani. Humo amelala Don Rodrigo, macho wazi yasiyoona.

Mhakiki anao ushahidi mzuri hapa. Katika mswada wa kwanza, Fermo e Lucia, ulioandikwa kati ya 1821 na 1823, Don Rodrigo alikufa kwa kishindo: akiwa amepagawa na homa alirukia farasi, akakimbia mbio kati ya wagonjwa, akaanguka akafa. Ndicho kifo hasa ambacho riwaya za mashaka hukipenda. Manzoni alikifuta. Mahali pake akaweka mwili uliolala kimya, na mtawa anayesema kwamba huenda hali ile ni adhabu, na huenda ni rehema. Msomaji hapewi tamasha la mwovu kuangamia, wala hapewi toba yake. Hatusikii Don Rodrigo akiungama. Renzo anatakiwa amwombee mtu asiyemjibu.

Sikubaliani na kila neno la Cristoforo katika kibanda kile. Anasema huenda wokovu wa yule mgonjwa, na wa Renzo mwenyewe, unategemea msamaha ulio moyoni mwa Renzo. Hapo lazima Mlutheri ainue mkono: neema haingoji moyo wangu ulainike ndipo imfikie adui yangu. Lakini kama mchungaji namwelewa. Hakuwa akiandika tasnifu juu ya kuhesabiwa haki. Alikuwa anamvuta kijana kutoka ukingoni mwa mauaji.

Hata hivyo swali nililoliuliza juu ya vitabu vya Marekani linarudi. Je, si tauni iliyomaliza kesi? Don Rodrigo anakufa, njia ya arusi inafunguka, na hakuna hakimu aliyefungua kinywa. Nilipoisoma riwaya hii mara ya kwanza nilifunga kitabu nikasema Manzoni naye ametudanganya. Baadaye nikatambua ni nani aliyepewa wazo hilo alitamke. Ni Don Abbondio, katika sura ya mwisho. Padre aliyekataa kufungisha ndoa kwa woga anachangamka kusikia kabaila amekufa, anaisifu tauni kuwa imekuwa ufagio, na sasa yuko tayari kwa ibada. Theolojia ya ufagio ni theolojia ya mwoga. Mwandishi ameiweka katika kinywa kilichostahili.

Tena hakuishia hapo. Chapa ya 1840–1842 ina kitabu kingine kidogo nyuma yake, Historia ya Nguzo ya Aibu, ambacho wachapishaji wengi wa tafsiri hukiacha, nao hufanya vibaya. Ni tauni ile ile, mji ule ule. Mwezi Juni 1630 mwanamke aliyekuwa dirishani alimwona ofisa wa afya, Guglielmo Piazza, akitembea kando ya ukuta siku ya mvua na kuugusa. Uvumi ukasema anapaka sumu ya tauni. Piazza aliteswa, akaahidiwa kuachiliwa kama atawataja wenzake, akamtaja kinyozi Gian Giacomo Mora. Wote wawili waliuawa kikatili, nyumba ya Mora ikabomolewa, na mahali pake ikasimamishwa nguzo ya kuwaaibisha, iliyodumu hadi 1778. Wengine kabla ya Manzoni walikwisha kusema kwamba ujinga wa zama zile ndio uliowaua, na desturi ya mateso. Manzoni anakataa kuwapa waamuzi udhuru huo. Anazichambua sheria zao wenyewe na kuonyesha kwamba wangeweza kujua. Hawakutaka, kwa kuwa waliogopa umati na walikwisha kukasirika.

Ndipo umbo la kazi nzima linapoonekana. Ndani ya riwaya, Renzo, mtu binafsi aliyekosewa, anaombwa asamehe. Nje ya riwaya, katika nyongeza, waamuzi wenye cheo hawafunikwi kwa msamaha wa mtu yeyote. Wanafunguliwa jalada lao miaka mia mbili baada ya kufa. Wenye kusamehe ni wale waliokosewa, na kazi ya wenye mamlaka ni kuhukumu kwa kweli. Mwandishi hakuziacha kazi hizo mbili zibadilishane mahali.

Ila kuna mtu mmoja aliyesahauliwa, naye ni Lucia. Tamaa ya Don Rodrigo ilimlenga yeye, si Renzo. Yeye ndiye aliyenyamaza alipoanza kusumbuliwa njiani, akamwambia Cristoforo tu katika maungamo, wala si mama yake, wala si mchumba wake. Yeye ndiye aliyetekwa. Lakini msamaha mkuu wa riwaya unatolewa na mwanamume, mbele ya mwanamume, kwa ajili ya mwanamume. Lucia anaelezwa baadaye na anakubali kuomba. Hakupelekwa kibandani. Hasira yake, kama aliwahi kuwa nayo, hatuijui; mwandishi amempa upole tangu ukurasa wa kwanza, kana kwamba mpole hana cha kusamehe.

Naandika hili kwa uchungu kwa sababu niliwahi kuketi katika kikao cha wazee wa kanisa ambapo binti alikuwa amedhulumiwa na mtu mwenye heshima usharikani. Baba yake aliitwa. Tulisoma Mathayo 18, ile habari ya saba mara sabini. Tukairuka ile ya kumwonya ndugu yako mbele ya mashahidi, iliyo katika sura hiyo hiyo. Mkosaji aliinama, akasema amekosa. Baba alikuwa mtu mnyenyekevu, akasema, "Wazee wangu, kama ninyi mmesema, mimi ni nani? Yamekwisha." Wakapeana mikono, na soda zikaletwa. Baada ya miezi michache mkosaji alirudishwa kundini mbele ya madhabahu. Siku ya kikao binti alikuwa nje, kwenye benchi chini ya dirisha, pamoja na shangazi yake. Hakuna aliyemwita. Mimi ndiye niliyefunga kikao kwa sala.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 juu ya makosa ya kujamiiana ilikwisha kuyafanya mambo ya namna ile kuwa ya polisi na mahakama. Tulikuwa na karatasi, kama Azzecca-garbugli alivyokuwa nayo. Tulijua kuzungumza na mkosaji: tulikuwa na liturjia yake, zaburi yake, tarehe yake ya kurudi. Kwa yule aliyekuwa benchini hatukuwa na ukurasa wowote katika kitabu cha ibada. Na Warumi 12:19, inayotukataza kujilipia kisasi, tuliikata na mkasi kutoka Warumi 13:4, inayosema ni nani aliyepewa upanga na kwa kazi gani.

Manzoni naye hakumwita, lakini naona katika kurasa za mwisho aliusikia mwanya huo. Sura ya mwisho ina karamu: mrithi wa Don Rodrigo, mtu mwema, amenunua mali za wachumba kwa bei maradufu, anawakaribisha katika jumba lile lile, hata anasaidia kuwaandalia meza, kisha anakwenda kula chumba kingine pamoja na Don Abbondio. Mwandishi anasema kwa utani kwamba alikuwa mnyenyekevu, si mnyenyekevu wa ajabu. Ukoo uliokosa umelipa, umetabasamu, na umekaa mbali.

Ni baada ya hapo, wakiwa nyumbani kwao katika nchi ya Bergamo, ndipo Renzo anapozoea kuhesabu mafunzo aliyoyapata katika misukosuko: asijiingize katika ghasia, asihutubie barabarani, asinywe kupita kiasi. Orodha ni ndefu na anaipenda. Lucia anaisikiliza kila mara na anaona kuna kitu kimepungua, hajui ni nini. Mpaka siku moja anamwuliza yeye alipaswa kujifunza nini, maana hakwenda kuzitafuta taabu. Taabu ndizo zilizomjia. Renzo, mwenye majibu mengi, mwanzoni anakosa la kusema.